Lami, Joto na Hesabu za Kile Kisichorudi

Mwaka 1996, katika jangwa la Nevada nchini Marekani, malori yasiyo na madereva yalianza kuzunguka kwenye barabara yenye umbo la yai, siku baada ya siku, bila kwenda popote. Kila lori lilivuta trela tatu zilizojazwa mzigo, kwa mwendo wa kilomita 65 hivi kwa saa, likiongozwa na mitambo ya kielektroniki. Barabara hiyo iliitwa WesTrack. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita tatu, na lami yake iligawanywa vipande 26, kila kimoja cha mita 70 na chenye mchanganyiko wake. Baadhi ya vipande vilikuwa na kokoto nyingi kubwa na mchanga kidogo. Kwa mujibu wa mafundisho mapya ya wakati huo, hivyo ndivyo vilivyotazamiwa kuyahimili malori kuliko vingine vyote.

Kumbe ndivyo vilivyotangulia kuharibika. Joto lilipopanda, matairi yalichimba mifereji miwili sambamba, lami ikabonyea katikati na kuvimba pembeni. Mwaka 1997 vipande vilivyoshindwa viling'olewa, vipya vinane vikawekwa mahali pake, navyo vikabonyea upesi kuliko vile vya kwanza. Ikabidi liundwe jopo la wataalamu wa kuchunguza kilichotokea.

Kilichouma zaidi ni kwamba Marekani ilikuwa imetoka tu kukamilisha mpango wa utafiti wa barabara, SHRP, uliofanyika kati ya 1987 na 1993. Lami peke yake ilitengewa dola milioni 50. Miongoni mwa ahadi za mpango huo ilikuwa programu ya kompyuta ambayo ingepewa mchanganyiko, hali ya hewa na idadi ya malori, kisha ikatabiri kina cha mfereji miaka mingi kabla haujatokea. Programu ziliandikwa. Zilipokaguliwa katika Chuo Kikuu cha Maryland zilionekana kuwa na kasoro kubwa, zikawekwa kando. Kilichofika barabarani kilikuwa utaratibu wa kupima ujazo wa mawe, lami na hewa ndani ya mchanganyiko, bila kipimo cha kuonyesha kama mchanganyiko huo utasimama au utatiririka. Malori ya Nevada yakatoa jibu.

Kwa nini kompyuta, ambazo kufikia wakati huo zilikuwa zikisanifu ndege na kutabiri mvua, zilishindwa na barabara? Sababu ni ya zamani kuliko kompyuta zenyewe. Kwa karibu miaka mia moja, hesabu za barabara zilishughulikia kile kinachorudi mahali pake baada ya gurudumu kupita. Mfereji ni kile kisichorudi.

Mchanganyiko wa barabarani ni mawe na mchanga kwa karibu asilimia 95 ya uzito wake; lami ni kama asilimia 5 tu. Lakini hiyo asilimia 5 ndiyo yenye tabia ya kigeugeu. Ukiipiga kwa nguvu ikiwa baridi, hupasuka. Ukiiacha juani chini ya mzigo, hutembea. Mwaka 1927, Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, alimimina dutu nyeusi ya jamii ya lami ndani ya faneli ya kioo, akaiacha itulie, na mwaka 1930 akakata mdomo wa faneli. Dutu hiyo ni ngumu kiasi cha kuvunjika kwa nyundo. Hata hivyo ilianza kudondoka. Tone la tisa lilianguka mwaka 2014, na faneli bado ipo.

Kitu cha namna hiyo hakina ugumu mmoja. Ugumu wake hutegemea joto na muda wa mzigo, na viwili hivyo hubadilishana zamu: kuongeza joto kuna athari ileile ya kurefusha muda. Ndiyo maana lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza saa nane mchana huiumiza lami kuliko lori lilelile likipita tambarare kwa kasi alfajiri. Uzito haujabadilika hata kilo.

Wahandisi wa zamani waliyajua haya kwa macho, lakini vipimo vyao vilikamata kipande kidogo tu. Pipa la lami linaloandikwa 60/70, ambalo fundi yeyote wa barabara Tanzania au Kenya amelikuta kwenye eneo la kazi, limepewa namba hiyo na sindano. Sindano yenye mzigo wa gramu 100 huachiwa juu ya lami yenye nyuzi 25 kwa sekunde tano. Ikizama kati ya milimita 6 na 7, lami hiyo ni 60/70. Asili ya kipimo hiki ni Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Kina ubaya mmoja ulio wazi: barabara ya ukanda wa joto mchana haina nyuzi 25. Hupita 60.

Kipimo kilichosogelea joto hilo kilitoka Mississippi. Bruce Marshall, mhandisi wa idara ya barabara ya jimbo hilo, alikibuni mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikichukua na kukiendeleza katika kituo chake cha majaribio cha Vicksburg, kwa kuwa ndege za mabomu zilikuwa zikizidi kuwa nzito na viwanja vya ndege vilihitajika haraka. Kinafanyika hivi. Mchanganyiko wa moto huwekwa ndani ya kopo la chuma lenye upana wa milimita 101.6. Nyundo ya kilo 4.54 huinuliwa milimita 457 na kuachiwa, mara 50 au 75, kisha kopo linageuzwa na kupigwa upande wa pili idadi ileile. Kidonge kinachotoka huzamishwa ndani ya maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa, halafu hubanwa ubavuni na mashine mpaka kikubali kushindwa. Mtu husoma namba mbili: nguvu iliyokishinda, na umbali ambao kilifinyika. Mlio wa nyundo hiyo bado unasikika katika maabara za makandarasi Afrika Mashariki, maana miongozo yetu bado inaitumia.

Ni kipimo cha gharama nafuu na hakina makuu. Lakini kidonge hushindwa mara moja, ndani ya sekunde chache. Barabara hubonyezwa mara milioni kadhaa, kila mara kwa sehemu ndogo ya sekunde, na baina ya bonyezo moja na lingine hupumzika.

Upande wa hesabu, mlango ulifunguliwa na Mfaransa Joseph Boussinesq. Mwaka 1885 alichapisha kanuni ya kueleza jinsi mzigo uliowekwa juu ya ardhi unavyosambaa kwenda chini. Ardhi yake ilikuwa ya nadharia: tabaka moja lisilo na mwisho, linalofinyika na kurudi kamili. Mwaka 1943, Donald Burmister wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliongeza tabaka la pili, na baadaye la tatu, ili hesabu ianze kufanana na barabara. Kuzikokotoa kanuni zake kwa mkono kulikuwa adhabu. Ndiyo sababu kompyuta zilipowafikia wahandisi wa barabara, kazi ya kwanza waliyozipa ilikuwa Burmister. Mwaka 1963 kampuni ya mafuta ya Chevron ilikuwa na programu ya matabaka matano. Shell ikatoa BISTRO, na katika miaka ya 1970 BISAR. Si ajabu kuwa kampuni za mafuta zilitangulia. Lami ni bidhaa yao.

Katika maabara ya Shell mjini Amsterdam kulikuwa pia na mtu aliyeitwa van der Poel, ambaye mwaka 1954 alichapisha mchoro wa mistari na namba uliotosha ukurasa mmoja. Ukiupatia joto, muda wa mzigo na matokeo ya vipimo vya kawaida vya lami, rula ilikuonyesha ugumu wa lami katika hali hiyo hasa. Ulitumika kwa miongo kadhaa duniani kote, na kwa maoni ya mwandishi huyu ulikuwa na akili kuliko baadhi ya programu zilizoufuata, kwa sababu ulikiri tangu mwanzo kwamba lami haina namba moja.

Lakini ugumu uliotoka kwenye mchoro uliingizwa ndani ya BISTRO na BISAR, na humo kila tabaka lilifinyika na kurudi. Mfereji ungetokea wapi? Wabunifu wa miaka ya 1960 walitafuta njia ya kuzunguka. Walisema: tukihakikisha kwamba udongo ulio chini kabisa haufinyiki kupita kiasi fulani, mifereji haitatokea. Yaani walidhani kwamba barabara huzama kutoka chini.

Ushahidi wa kuwatia shaka ulikuwa umeshapatikana, tena kwa gharama kubwa. Kati ya Oktoba 1958 na Novemba 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wanajeshi wa Marekani waliendesha malori kwenye njia za kuzunguka zilizojengwa kwa makusudi ya kuharibiwa. Jaribio hilo, AASHO, liligharimu dola milioni 27, na ekseli zilipita zaidi ya mara milioni moja. Humo ndimo ilimotoka kanuni maarufu ya nguvu ya nne: madhara ya ekseli huongezeka kwa uzito wake uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 10 ikipakiwa tani 12, madhara huwa kama maradufu. Kila dereva wa semi-trela anayepanga foleni kwenye mizani ya Vigwaza au Athi River anasubiri kwa sababu ya Illinois. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne na tani 56 kwa gari zima.

Jambo lisilosimuliwa sana ni mitaro. Baada ya malori kusimama, wahandisi wa AASHO walichimba kukatiza barabara na kupima unene wa kila tabaka, ili wajue mfereji wa juu umetokana na nini. Tabaka la lami lilichangia asilimia 32, msingi asilimia 14, na msingi wa chini asilimia 45. Udongo wa tuta, ule ambao hesabu za baadaye zilijitwisha kuulinda, ulichangia asilimia 9. Na Illinois ni nchi ya theluji.

Kuishawishi kompyuta ihesabu kisichorudi kulihitaji lugha nyingine, nayo ilikuwapo. James Clerk Maxwell aliandika mwaka 1867 mlinganyo wa vitu vinavyonyumbuka na kutiririka kwa pamoja, ambao baadaye ulielezwa kwa vifaa viwili. Mholanzi Johannes Burgers akaviunganisha vinne mwaka 1935. Vifaa hivyo ni springi na shokapu, ambavyo fundi wa gereji pale Gerezani, Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa. Springi hurudi. Shokapu husogea polepole, na ikisogea peke yake hairudi. Ukizipanga vizuri na kuzipa namba zinazobadilika na joto, unapata mfano wa lami: sehemu inayorudi papo hapo, sehemu inayorudi kwa kuchelewa, na sehemu iliyokwenda moja kwa moja.

Shida ikawa ni kuziingiza ndani ya barabara nzima. Jibu lilitoka kwa watu wa ndege. Mwaka 1956, kikundi kilichofanya kazi na Boeing kilieleza namna ya kukata umbo gumu katika vipande vingi vidogo, kuandika mlinganyo wa kila kipande, na kuiachia kompyuta iutatue mzigo mzima kwa pamoja. Mmoja wao, Ray Clough wa Berkeley, aliipa mbinu hiyo mwaka 1960 jina linalotumika hadi leo. Mwaka 1968, hapohapo Berkeley, Duncan, Monismith na Wilson waliitumia kwa barabara. Sasa kila kipande kingeweza kupewa tabia yake, na joto lake pia: juu nyuzi 60, sentimita kumi chini nyuzi chache pungufu.

Hapo ndipo mtu angetarajia hadithi iishe. Haikuisha, kwa sababu ya idadi ya magurudumu. Kukokotoa gurudumu moja likipita juu ya maelfu ya vipande, hatua kwa hatua, kunachukua muda. Kulirudia mara milioni kunashinda hata mashine za leo. Watafiti wakawa wanafupisha. Wengine walijumlisha muda wote ambao magurudumu yangekaa juu ya sehemu moja, wakaweka mzigo mmoja uliotulia kwa muda huo. Kompyuta ilishukuru, lakini lami ilinyimwa mapumziko yake, na mapumziko hayo ni sehemu ya tabia yake.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa ikija kutoka upande wa mawe. Peter Cundall, aliyeanza na miamba inayoporomoka mwaka 1971, alichapisha pamoja na Otto Strack mwaka 1979 mbinu ya kuhesabu chembe mojamoja: kila chembe ina mahali pake na mwendo wake, inagongana na jirani, inasukumwa, inateleza. Mwaka 2001, Buttlar na You wa Chuo Kikuu cha Illinois waliipeleka kwenye lami. Hapo kokoto ikawa kokoto, na lami ikawa gundi iliyo baina ya mawe. Baadaye mashine za eksirei za aina ya zile za hospitali zilitumika kupiga picha vidonge vya maabara kipande kwa kipande, ili mawe yaliyomo ndani ya kompyuta yawe na pembe za mawe halisi. Picha hizo zinaonyesha wazi kile kinachobeba mzigo kwenye joto kali: mawe yaliyogusana. Mawe yakisukumwa hadi hewa iliyobaki kati yao ishuke chini ya asilimia 3 hivi, lami inakosa pa kujificha, inaanza kubeba mzigo yenyewe, na mchanganyiko unatiririka.

Asilimia 3 hiyo inatuleta Afrika Mashariki kwa haki kabisa. Maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza ilitoa mwongozo wake wa barabara za nchi za joto, Road Note 31, mwaka 1962, na kati ya 1971 na 1974 ilipima barabara za Kenya kwa ushirikiano na serikali ya nchi hiyo na Benki ya Dunia. Kutokana na vipimo hivyo ilizaliwa programu ya kompyuta, RTIM, ya kukadiria jinsi barabara itakavyochakaa na gharama itakayowapata wenye magari. Ukoo wake uliendelea hadi HDM-4 ya mwaka 2000. Ndani ya HDM-4 mna mlinganyo wa lami inayobonyea, na kimoja cha vigezo vyake ni mwendo wa magari mazito: yakipunguza kasi, mfereji unaongezeka. Mlima Kitonga wa Tanzania, ambao malori huupanda polepole, umo ndani ya namba hiyo, hata kama haukutajwa jina.

Maabara hiyo ya Uingereza ilipendekeza pia jambo lisilohitaji kompyuta. Kwa sehemu za mateso, kama njia za kupandia milima, kidonge kisipigwe mara 75 na kuachwa. Kishindiliwe kwa nyundo ya umeme mpaka kikatae kushuka zaidi, na hapo kiwe bado na hewa asilimia 3. Mwongozo wake wa mwaka 2002 kuhusu lami za nchi za joto umejengwa juu ya wazo hilo.

Nchini Marekani, somo la WesTrack liliingia katika kazi mbili. Moja ilikuwa kutafuta kipimo cha nguvu cha kuambatana na vile vya ujazo. Nyingine ilikuwa mwongozo mpya wa usanifu uliotolewa mwaka 2004, ukiongozwa upande wa lami na Matthew Witczak, yuleyule aliyekuwa Maryland zile programu za SHRP zilipokaguliwa. Kompyuta sasa ilisoma hali ya hewa saa kwa saa, ikakadiria joto katika kila kina cha lami, ikapitisha malori ya kila mwezi. Malori yakiongezeka maradufu, mlinganyo wake huongeza mfereji kwa asilimia 40 hivi, kwa sababu lami iliyokwisha kushindiliwa hukaza kidogo.

Ila ukiufungua mlinganyo huo, unakutana na mzee Burmister. Kompyuta huhesabu kwanza kiasi ambacho tabaka linafinyika na kurudi, kisha hukizidisha kwa kipeo cha joto na cha idadi ya malori ili kupata kile kisichorudi. Vipeo vilitoka maabara, vikarekebishwa kwa barabara halisi. Inafanya kazi, na majimbo mengi yanaitumia, lakini mtu mwenye kuuliza maswali ataona kwamba kisichorudi bado kinakisiwa kutoka kwa kinachorudi.

Waliokataa kukisia walikwenda njia ngumu. Huko Delft na Nottingham mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye Texas A&M kwa modeli iliyopewa jina PANDA, watafiti waliandika milinganyo ambamo lami inanyumbuka, inatiririka, inachanika ndani kwa ndani, na hata inajiponya malori yanapopumzika. Kila tabia ina namba zake, kila namba ina jaribio lake la maabara, na majaribio hayo ni ya gharama. Idara ya barabara yenye nyundo ya Marshall na sindano haiwezi kuyafanya kesho asubuhi.

Wakati huohuo, wasanifu wa njia za mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, waliikwepa hesabu yote. Basi zito linalosimama na kuondoka mahali palepale mchana kutwa ni mateso ya lami yasiyo na mfano, kwa hiyo njia za mabasi ya awamu ya kwanza zikamwagwa zege.

Kuna hesabu moja ambayo hata programu ya 2004 haikuweza kuipata ndani ya kompyuta. Rekodi nyingi za barabara zilizotumika kuirekebisha zilikuwa na kina cha mfereji juu ya lami tu. Mgawanyo wa mfereji huo kati ya lami, msingi na udongo ulichukuliwa kutoka kwenye modeli ileile iliyokuwa ikirekebishwa. Anayetaka kuujua mgawanyo wenyewe analazimika kufunga njia moja ya magari, kukata lami kwa msumeno kutoka ukingo hadi ukingo, kuondoa ukuta wa mbele, na kupima kila tabaka kwa rula kama walivyofanya Illinois mwaka 1960.